Nchi Haifungi Mkanda Kama Nyumba

Nafundisha uchumi madarasa ya jioni, na muhula huu nimeisikia tena, mara hii kutoka kwa mwenye duka: "Uchumi ukidorora, serikali ifunge mkanda kama sisi nyumbani." Hapana!

Ukijibana nyumbani, mshahara wako haupungui, kwa kuwa anayekulipa ni mtu mwingine. Lakini nyanya ulizoacha kununua ni mauzo aliyokosa mama mboga. Nyumba zote zikijibana pamoja, biashara zinafungwa, watu wanaachishwa kazi, na kodi inayokusanywa inashuka. Serikali nayo ikijibana wakati huohuo, nani atabaki kununua?

Marekani walilipia somo hili. Mwaka 1933 wasio na ajira walikaribia 25%. Serikali ya Rais Roosevelt ikaweka fedha kwenye barabara, misitu na shule, na kufikia 1937 kiwango kikawa karibu 14%. Wakadhani wamepona. Wakakata matumizi, kodi ikaongezeka, benki kuu ikabana mikopo. Mwaka 1938 kiwango kikapanda hadi kama 19%.

Kukopa kuna mipaka, hasa kwa nchi kama Kenya inayodaiwa kwa dola. Basi chagua matumizi kwa makini. Mimi ningeanza na kazi za mikono mingi: kuchimba mitaro, kutandika kabro (matofali ya njia), kukarabati madarasa. Trekta moja hunywa dizeli iliyoagizwa nje; vibarua hamsini hununua unga hapahapa.

Hapo hunijibu kwa hoja tatu. "Kazi Mtaani ilikuwa kufagia tu." Huo ulikuwa mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa vijana vibarua mitaani. Awamu yake ya pili, mwaka 2020, ilitengewa shilingi bilioni 10 kwa vijana zaidi ya 270,000. Shilingi 455 walizolipwa kwa siku zilirudi kwenye vibanda vya mtaa uleule. Lawama inayostahili ni nyingine: iliisha bila kuwaachia wengi wao ufundi.

"Kodi ikipunguzwa, waajiri wataajiri." Mkahawa usio na wateja hauongezi mpishi.

"Kinachotakiwa ni ajira mpya." Kwanza linda zilizopo! Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulishuka kwa zaidi ya 5%, ila ukosefu wa ajira haukupanda sana. Viwanda vilipunguza saa za kazi badala ya watu, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Oda ziliporudi, mafundi walikuwa bado kwenye mashine zao.