Kuing'arisha Saa ya Urithi Hakuiongezei Thamani

Wengi wanaorithi saa ya mkononi ya kifahari huamini kwamba jambo la kwanza ni kuing'arisha hadi ionekane mpya. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu kung'arisha si kusafisha: ni kuondoa tabaka jembamba la metali, na kila kunaporudiwa, kingo kali za kasha, yaani mwili wa metali unaofunika mtambo wa ndani wa saa, huzidi kuwa butu na maandishi yaliyochongwa hufifia. Wakusanyaji wa saa kwa kawaida hupendelea kasha lenye mikwaruzo yake, pamoja na uso na mishale ya awali, hata kama rangi imebadilika.

Kinachohitaji matunzo hasa hakionekani. Mafuta ya mtambo hukauka au kuwa mazito hata saa ikikaa kabatini bila kuvaliwa, na ikiendeshwa katika hali hiyo vyuma husagana. Mipira ya kuzuia maji nayo hukakamaa. Basi fundi aagizwe, ikiwezekana kwa maandishi, asafishe mtambo na kutia mafuta mapya, asiguse kasha wala uso, na amkabidhi mrithi kila kipuri cha zamani alichokiondoa. Mrithi asiifungue mwenyewe, kwani baadhi ya saa za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani.