Subaru ya turbo ya zamani hapa Nakuru: pima kwanza, bust baadaye

Wiki hii nimefungua injini nyingine ya Subaru, EJ20, yenye pistoni ya silinda ya nne imevunjika pale katikati ya ringi. Stori ni ile ile ya kila mara, kijana amenunua Impreza WRX ya turbo ya 2004, imemtembeza vizuri miezi miwili, akaweka kale kavalvu ka kuongeza bust kwa mkono (bust ni presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini), akapanda nayo Salgaa kwenda Mau Summit akiwa ameikanyaga mpaka mwisho, kufika juu inatoa moshi wa buluu. Inaniuma kweli. Hizi gari nazipenda, na hiyo bloku ilikuwa nzima kabisa.

Kitu watu wengi hawahesabu ni hii milima yetu. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Gari isiyo na turbo inakubali tu, inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu na maisha yanaendelea. Turbo yenyewe inajaribu kufidia. Sasa piga hesabu: Mombasa hewa iko bar 1, ukiongeza bust ya 0.9 unapata 1.9, turbo imekandamiza hewa mara 1.9. Hapa unaanza na 0.8, so ukitaka kufika 1.9 ile ile turbo inafaa kukandamiza karibu mara 2.4, na hii turbo ya WRX, TD04, ni ndogo, itazunguka kasi kuliko ilivyopangiwa na kutema hewa moto sana, na hewa moto ndiyo inaleta noki, petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda na kugonga pistoni. ECU ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, inajua haya yote, ina sensa ya presha ya hewa, ndiyo maana ukipanda mlima inashusha bust yenyewe. Mwenye gari anaona imelegea, anakaza kavalvu kurudisha bust ya kitabu, na hapo ECU haina tena usemi. Ongeza kwamba hizi za Japani zilipangiwa petroli yao ya bei ya juu yenye oktani (nguvu ya kuzuia noki) karibu 100, na ya pampu zetu haifiki hapo.

Turudi kwa kununua, maana hapo ndipo pesa inapotea mapema. Impreza za umbo hili, GD, zilitoka 2000 mpaka 2007, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo hutaagiza moja leo, utanunua ya mtu hapa nchini, mara nyingi ni mtu wa nne au wa tano kuimiliki na kila mmoja ameigusa kivyake. Mwambie muuzaji usiku uliotangulia asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika weka mkono kwa boneti, ikiwa na joto rudi nyumbani, njoo siku nyingine, kwa sababu mlio wa pistoni unasikia vizuri injini ikiwa baridi na joto linauficha. Linganisha namba ya injini na logibuku, nimeona WRX kadhaa zenye injini ya Forester ndani na mwenyewe hana habari.

Halafu lazima upime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inakandamiza, hata kama muuzaji anakasirika. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wanaingia: namba za kitabu ni za usawa wa bahari, hapa geji itasoma chini kwa kama asilimia 20 na injini iko sawa kabisa. Usitishwe na hiyo. Angalia tofauti ya silinda kwa silinda. Tatu zikisoma psi 125 na moja 95, usinunue kwa bei ya gari nzima, hiyo ni bei ya gari ya kufungua injini. Ukiwa na kompresa ingiza hewa kwa ile silinda mbovu ukiwa umefunga valvu zote, usikize inatorokea wapi: kwa mdomo wa oili ni ringi, kwa eksozi ni valvu, mapovu kwa rediata ni gasketi. Mkanda wa taiming kama hakuna risiti hesabu haujawahi kubadilishwa, ukikatika pistoni inagonga valvu.

Najua mapenzi ya hii gari yanatoka wapi. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, na WRC, rali ya ubingwa wa dunia, iliporudi Kenya 2021 ikaja Naivasha, kaunti yetu hii hii. Lakini gari ya rali inakaguliwa na timu nzima kila inaposimama, yako inakaguliwa na wewe peke yako ukiweka mafuta.

Kwa hivyo shilingi ya kwanza iende kwa geji. Ya bust, ya presha ya oili, na ile ya kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa eksozi. Kisha badilisha mipira yote ya vakyumu iliyokauka, pitisha moshi kwa paipu za intakula uone inavuja wapi, plagi mpya, oili kila kilomita 5,000 na kuangalia kijiti kila ukijaza tangi. Gari nyingi zikifanyiwa hayo tu zinarudi na nguvu mwenye gari hakujua anayo. Daunpaipu, ile paipu pana ya eksozi inayotoka kwa turbo, ikija ije siku moja na rimapu, yaani kupanga upya ECU, ukiiweka peke yake bust inapanda bila kuombwa. Na ile valvu ya kupuliza nje, pshhh, achana nayo, hii gari inahesabu hewa inayoingia kwa sensa ya MAF, ukimwaga nje hewa iliyoshahesabiwa petroli inazidi kila ukibadilisha gia.

Ya yule kijana tumekubaliana, pistoni ngumu za kufuliwa (forged), ECU inarudishwa ilivyokuwa, kavalvu nimetoa. Tukimaliza kuizoesha tutapanda pamoja mpaka Sachangwan, mlima ule ule, yeye akiendesha mimi nikisoma geji, ndio tuamue kama kuna chochote cha kuongeza.