Protini za brusela zinavyopimwa kabla ya kuitwa chanjo

Chanjo za brusela, bakteria wanaotupisha mifugo mimba na kumwambukiza binadamu pia, zinazotumika sana kwa mifugo ni S19 na RB51 kwa ng'ombe, na Rev.1 kwa mbuzi na kondoo. Zote ni bakteria hai waliodhoofishwa, na kila daktari wa mifugo anazijua kasoro zake. S19 na Rev.1 zaweza kumtupisha mimba mnyama aliyebeba. Mchanjaji akijichoma sindano kwa bahati mbaya, huenda akaugua yeye. RB51 nayo ni sugu kwa rifampisini, dawa tunayoitegemea kumtibu binadamu.

Kasoro nyingine iko maabara. Kipimo cha damu cha Rose Bengal husaka kingamwili (protini za kinga zinazotengenezwa na mwili) dhidi ya minyororo ya sukari iliyo kwenye ganda la bakteria. S19 inayo minyororo hiyo hiyo, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu protini badala ya bakteria hai: protini moja iliyochomolewa kwenye bakteria haizaliani wala haitupishi mimba, na haina minyororo hiyo. Zilizojaribiwa ni pamoja na L7/L12 ya ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya bakteria), na Omp16, Omp19 na Omp31 za utando wa nje. Jeni ya protini hupandikizwa kwenye E. coli, bakteria huyo akaizalisha kwa wingi, kisha ikasafishwa. Usafishaji huo si jambo dogo: masalia ya E. coli yenyewe huamsha kinga, na mtafiti asiyeyaondoa anaweza kuisifu protini kwa kazi ambayo haikuifanya.

Kisha wanakuja panya. Kundi moja hupewa maji ya chumvi, jingine kichocheo cha kinga peke yake, la tatu S19, la nne protini pamoja na kichocheo. Baada ya wiki kadhaa wote huambukizwa brusela kali. Wakishauawa, bandama husagwa, rojo lake likazimuliwa mara kumi kumi na kupakwa kwenye sahani za kuoteshea. Siku chache baadaye tunahesabu makoloni, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota.

Hapo ndipo taarifa nyingi hupotosha. "Imepunguza bakteria kwa asilimia 90" inasikika vizuri, lakini kama panya wasiochanjwa wana bakteria 1,000,000 kwenye bandama, waliochanjwa wamebaki na 100,000. Mimi huangalia kwanza safu ya S19: protini imeifikia, au imeachwa mbali?

Kingamwili nyingi kwenye damu pia zisitufurahishe mapema. Brusela hujificha ndani ya seli zile zile zinazomeza vijidudu, mahali kingamwili hazifiki. Kinachohitajika zaidi ni seli T, askari wa kinga wanaotoa intaferoni gama, kemikali ya kuziamsha seli nyingine, ili seli iliyoambukizwa iweze kumuua mgeni wake. Protini ile ile, ikibadilishiwa kichocheo, inaweza kufaulu au kuanguka.

Tena bandama ya panya haituelezi kitakachotokea kwenye kondo la ng'ombe, ambako brusela huzaliana kwa kasi ya kutisha. Jaribio lenyewe ni kuchanja mitamba, kuwapandisha, kuwaambukiza mimba ikiwa katikati, na kusubiri. Atazaa au atatupa? Je, maziwa na matezi yana bakteria? Kazi hii hudumu miezi mingi, kwenye mabanda ya usalama wa hali ya juu, na gharama yake ni kubwa. Ndiyo sababu protini nyingi zinazong'ara kwa panya hazijawahi kumgusa ng'ombe hata mmoja, na mitamba wa miezi 3 hadi 8 bado wanachanjwa S19.