Gari la kukodi au ndege ya ndani? Yanayosemwa Nairobi na ukweli wake

Uliza Nairobi namna ya kufika Maasai Mara na jibu litakuja upesi: mwenye pesa apande ndege, wengine wafuate barabara. Jibu hilo linasahau mambo mawili yanayogeuza hesabu nzima, yaani mko wangapi, na gari litafanya kazi gani mkishafika.

Dhana: Ndege ni dakika 45, gari ni saa sita.

Dakika 45 ni za angani tu, tena iwapo kiwanja chako ndicho cha kwanza kutuliwa. Ndege za Mara huzungukia viwanja kadhaa, kama Keekorok, Ol Kiombo, Musiara na Kichwa Tembo, zikishusha na kupakia watu. Mpangilio hutegemea nani anashuka wapi siku hiyo. Ukiwa wa mwisho, utaruka na kutua mara mbili au tatu kabla ya zamu yako.

Sasa hesabu kuanzia mlangoni kwako. Teksi hadi Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, kufika saa moja kabla ya kuruka, safari yenyewe, kisha gari la kambi kutoka kiwanjani. Hapo mara nyingi ni saa tatu hadi nne. Kwa barabara, Nairobi hadi Sekenani, lango mojawapo la hifadhi ya Mara, kupitia Mai Mahiu na Narok ni saa tano hadi sita, pamoja na kusimama Narok kula na kujaza mafuta. Ramani ya simu itakuahidi muda mfupi zaidi, lakini haijui kwamba magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, wala haihesabu malori yanayojikokota kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Kwa hiyo unachookoa ni kama saa mbili, si tano. Na unakoishi kuna uzito wake. Mtu wa Lang'ata au Karen yuko jirani na Wilson. Mtu wa Kikuyu au Limuru tayari yuko kwenye njia ya Mara, na kumrudisha mjini asubuhi akakae kwenye msongamano ili apande ndege ni kumchosha bure.

Njia nyingine hazihitaji mjadala mrefu hivyo. Nanyuki ni kama kilomita 200, na kwa familia gari linatosha. Amboseli kupitia Emali na Kimana ni saa nne na kitu, na hapo pia gari lina nguvu. Kisumu ni karibu kilomita 350 na siku nzima ya barabara, ilhali ndege kutoka JKIA, uwanja wa kimataifa wa Nairobi, haimalizi saa moja angani, hivyo mwenye shughuli ya siku moja apande ndege. Lamu ni ndege. Utatua Manda, kisiwa jirani, na kuvuka kwa mashua.

Dhana: Ndege ni ghali kuliko gari, siku zote.

Tiketi hulipiwa kwa kichwa, gari hulipiwa kwa siku. Chukua mfano wa kufanyia hesabu tu, kwa kuwa bei hupanda na kushuka kwa msimu: tiketi ya kwenda na kurudi Mara iwe shilingi 45,000, na Land Cruiser yenye dereva na mafuta iwe 28,000 kwa siku. Kwa siku tatu gari ni 84,000. Msafiri mmoja akipanda ndege atalipa 45,000, karibu nusu ya gari. Wawili watalipa 90,000, karibu sawa na gari. Wanne watalipa 180,000, na hapo gari ni chini ya nusu.

Hesabu hiyo bado haijakamilika, na hapa ndipo wengi hukosea. Gari mlilokuja nalo ndilo litakalowazungusha kutazama wanyama. Aliyekuja kwa ndege hana gari, kwa hiyo ama kambi yake imejumuisha mizunguko kwenye bei, ama atalipia gari la kambi kila siku. Kabla ya kulinganisha bei mbili, uliza kambi swali moja: mizunguko imo au haimo? Ikiwa imo na wewe ukaja na gari lako, omba bei isiyo na mizunguko, la sivyo utalipa mara mbili.

Kwa upande wa gari, uliza kama bei inabeba mafuta, chakula na malazi ya dereva, na ada ya gari kuingia hifadhini. Ada yako wewe ya kuingia haikwepeki, uje kwa lango au kwa ndege. Hakikisha pia ni gari gani. Gari dogo la kawaida litafika Sekenani kwenye lami bila shida, lakini ndani ya hifadhi, udongo mweusi ukishalowa, litakwama.

Wanaotaka kwenda kwa gari na kurudi kwa ndege wajue kwamba gari linalorudi tupu lazima mtu alilipie, na mtu huyo ni wao. Mpango huo una maana pale siku ya mwisho inapokuwa na ndege ya kimataifa usiku. Nje ya hapo ni anasa.

Dhana: Kikomo cha kilo 15 za mizigo kwenye ndege ndogo ni ujanja wa kuchuma pesa za ziada.

Ndege inayotumika sana kwenye viwanja vya changarawe ni Cessna Caravan, yenye injini moja ya tabini na viti kama 12. Uzito wake wa juu wa kuruka ni takribani tani 4, na humo mna ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mifuko. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Mara havipungui sana hapo. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Mabawa yanapata hewa kidogo ya kushika, injini inapata kidogo ya kuchoma, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Kiwanja kifupi hakina njia hiyo, kwa hiyo kinachopunguzwa ni uzito.

Kilo hizo 15 kwa kawaida huhesabu pia mkoba wa mkononi, kamera na lenzi zake. Mfuko uwe laini, usio na fremu wala magurudumu, kwa sababu mizigo mingi husukumwa kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, lenye kina kifupi na milango midogo. Sanduku gumu la kilo 12 linaweza kukataliwa, na mfuko laini wa kilo 15 ukapita. Ukizidisha, baadhi ya mashirika hukuuzia kiti cha ziada cha kubebea mzigo, lakini usikitafute asubuhi ya safari, kwani kinaweza kuwa kimeshakaliwa. Betri za akiba za simu zikae nawe ndani, zisipakiwe chini.

Mpiga picha mwenye kilo 30 za vifaa aende kwa barabara.

Dhana: Ukitua Nairobi, unabadilisha ndege tu.

Ndege za kimataifa hutua JKIA, Embakasi. Nyingi za hifadhini huruka kutoka Wilson, kwenye barabara ya Lang'ata. Ni viwanja viwili tofauti, na kati yao kuna takribani kilomita 18 za jiji: usiku ni nusu saa, saa kumi na moja jioni huenda zikachukua saa moja na nusu. Ongeza foleni ya pasipoti na kusubiri mizigo. Kati ya kutua JKIA na kuruka Wilson weka saa nne, na kama ndege yako inatua mchana, lala Nairobi. Tiketi mbili ulizokata mbalimbali hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri.

Wilson nayo haina jengo moja la abiria wote. Mashirika makubwa yana majengo na malango yao, kwa hiyo mwambie dereva wa teksi jina la shirika, si "Wilson" tu.

Dhana: Ndege ndogo ni hatari, gari ni salama. Au kinyume chake, inayosemwa vilevile kwa uhakika.

Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Lakini anayetaja usalama wa ndege kwa kutumia takwimu za ndege kubwa za kimataifa anapotosha. Ndege ndogo za injini moja ni jambo jingine. Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale ilianguka kwenye milima ya Aberdare na kuua wote 10. Oktoba 2025 nyingine, iliyokuwa ikitoka Diani kwenda Kichwa Tembo, ilianguka Kwale na kuua wote 11.

Kilicho mikononi mwa msafiri ni hiki. Kwa gari, usisafiri usiku, na usimpe dereva safari ya Mara kwenda na kurudi siku moja. Malango hufungwa jioni, hivyo ondoka Nairobi kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa ndege, chagua ya asubuhi, kabla ardhi haijapata joto la kurusha hewa juu na kuitikisa ndege, na rubani akisema hali ya hewa hairuhusu, usimshinikize.

Dhana: Mvua husimamisha ndege, gari hupita.

Aprili 2024 maji yalifagia Mai Mahiu, watu wengi wakafa na barabara ikafungwa. Masika ikikolea, barabara na viwanja vyote viko mashakani. Kiwanja kikilowa, ndege huhamishiwa kiwanja kingine, kwa hiyo hakikisha kambi ina namba yako ya simu ili gari lao likufuate huko.

Dhana: Kwa Diani, kata tiketi ya Mombasa, ni palepale.

Si palepale. Uwanja wa Ukunda uko dakika chache kutoka hoteli za Diani, ufukwe ulio kusini mwa Mombasa. Ukitua uwanja wa Moi, Mombasa, bado una gari la saa moja au zaidi. Tiketi ya Mombasa mara nyingi ni nafuu, kwa hiyo jumlisha nauli ya gari hilo kabla ya kufurahia bei. Mkubaliane pia na dereva njia mapema: barabara ya Dongo Kundu inakupitisha nje ya mji, ilhali kwenye kivuko cha Likoni utasubiri feri, na siku za sikukuu magari hupanga mstari mrefu.