GPS kwenye kompyuta, mambo ya saa ambayo wengi tunayashika vibaya

"Nimechomeka GPS ya USB, sasa saa ya seva yangu imekaa sawa kabisa." Hii naisikia sana na inaniuma maana mtu katoa hela yake. Risiva, yaani hicho kifaa kinachopokea mawimbi ya setelaiti za GPS, inatoa vitu viwili: kuna maandishi yanayotaja saa na tarehe, alafu kuna mpigo wa umeme unaotoka kwenye pini ya PPS mara moja kila sekunde. Maandishi yanachelewa, na hayachelewi kwa kiasi kilekile kila mara, USB nayo inayavuta kwa zamu zake, unakuta saa inayumba makumi ya milisekunde, yaani hata NTP ya kawaida ya intaneti (kompyuta kuchukua saa kwa seva nyingine kupitia mtandao) ingekufaa zaidi. Mpigo ndo mwenyewe. Uunganishe na pini ya GPIO (pini ya kuingiza na kutoa umeme wa ishara) kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, alafu chrony, programu ya kurekebisha saa, itumie maandishi kujua tu hii ni sekunde ipi, ila sekunde imeanza lini isikilize mpigo, hapo unashuka mpaka mikrosekunde chache. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza pini ya PPS ipo au haipo, nyingi za USB za bei rahisi hazina.

"Saa ya GPS si ndo UTC?" Hapana, UTC ni saa rasmi ya dunia. Ya GPS ilianza kuhesabu 6 Januari 1980 na haijawahi kuongezewa sekunde, UTC imeongezewa, ndo maana tangu Januari 2017 GPS iko mbele kwa sekunde 18. Setelaiti zinaitangaza hiyo tofauti, ila ujumbe mzima unachukua dakika 12 na nusu kuisha, risiva iliyozimwa muda mrefu inaweza ikaanza na sekunde pungufu au zilizozidi, we iache kwanza imalize.

Eti lazima setelaiti nne? Za kutafuta ulipo, sawa. Antena ikishatulia sehemu moja na risiva ya kazi ya saa ikajua ipo wapi, hata moja inatosha.

Na hii ya kwamba ukiwa na GPS huhitaji chanzo kingine, jamani, hapana. Hesabu ya wiki ya GPS inarudi sifuri kila baada ya wiki 1024, ilirudi Agosti 1999 na Aprili 2019, na risiva ambazo programu yake haikujiandaa zilirudi nyuma karibu miaka 20, mpigo wao bado uko safi kabisa lakini tarehe ya ajabu. Weka seva tatu au nne za NTP pembeni, chrony ipate pa kulinganishia.