Je, wajua kwa nini spiriti inabandua rangi ya kisanamu lakini plastiki yenyewe haiigusi?

Chukua visanamu viwili vya plastiki vinavyofanana, vile vidogo vya urefu wa kidole gumba, askari wa mchezo wa mezani mathalani, kimoja kitumbukize kwenye asetoni (kile kimiminika kikali cha kutolea rangi ya kucha) na kingine kwenye spiriti halafu endelea na mambo yako. Ukirudi utakuta cha kwenye spiriti kiko vilevile, ila rangi imeanza kujikunja kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Cha kwenye asetoni sasa... uso umelainika pua haionekani, upanga umelala kama mshumaa ulioachwa juani, na ukikishika kinanata vidoleni.

Hili mi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa nataka kutoa rangi ya kiwandani nipake ya kwangu, na nilishasikia kwamba asetoni ni sumu kwa plastiki, kwa hiyo nikajiona mjanja nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha ambayo chupa yake imeandikwa wazi kabisa haina asetoni. Dakika chache tu, kwisha habari! Kumbe nyingi ya hizo zisizo na asetoni wanaweka ethili asetati badala yake, na hiyo nayo inayeyusha polistirini kama kawaida, yaani nimekimbia simba nikaangukia kwa chui.

Sasa kwa nini kimiminika kimoja kinachagua na kingine hakichagui? Plastiki ni minyororo mirefu sana ya molekuli iliyovurugana kama uzi uliochezewa na paka, na ili kitu kiiyeyushe lazima kwanza kijipenyeze katikati ya hiyo minyororo kiiachanishe. Kupenya kunategemea tabia, zinazofanana ndo zinachanganyika. Polistirini, ile plastiki ngumu ya visanamu vingi vya kuunga mwenyewe, ni kaboni na haidrojeni tupu, haina urafiki na vitu vyenye tabia ya maji maji, wakati molekuli za spiriti (hapa nasema aisopropili, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano) zina kile kipande cha oksijeni na haidrojeni kinachozifanya zishikane zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zinabaki kushikana huko nje na plastiki haina nafasi kwenye hayo mazungumzo. Asetoni haina huo mshikamano, yenyewe ikifika inaingia tu.

Na rangi je? Hapa ndo wengi tunakosea, tunadhani spiriti inayeyusha rangi kama maji yanavyoyeyusha sukari. Mara nyingi haiyeyushi, inaivimbisha. Rangi za akriliki zikishakauka maji hayaziwezi tena, ila spiriti inapenya kwenye gundi inayoshika zile chembe za rangi na ngozi yote ya rangi inatanuka. Sasa fikiria, rangi inataka kuwa kubwa, plastiki chini yake haijabadilika hata kidogo, lazima waachane. Ukikiangalia kwa lenzi baada ya nusu saa hivi unaona kabisa vimikunjo vidogo vinaanza, vinakutana, halafu ukipitisha mswaki joho zima linavuka kama gamba la nyoka, wakati kwenye mikunjo ya nguo na katikati ya vidole rangi inabaki imeng'ang'ania mpaka uitoe na kijiti. Kwa hiyo kazi nusu inafanywa na spiriti, nusu ni mswaki wako, na mtu anayesubiri rangi ijitoe yenyewe atasubiri sana.

Sema rangi ya kiwandani ina ubishi wake. Visanamu vinavyouzwa vikiwa vimeshapakwa vingi ni PVC laini, ile inayopinda ukiibonyeza, na rangi zake huchanganywa na vimiminika vinavyoingia kidogo kwenye plastiki yenyewe ili isibanduke kila mkono ukipinda. Yaani ina mizizi. Macho nayo mara nyingi yamegongwa kwa muhuri laini wa silikoni, wino mwembamba sana, huwa unatoka mapema au hautoki kabisa. Ndo maana unaweza kusugua mpaka mkono uume na bado kuna wekundu umebaki. Acha! Hilo ni doa tu limezama, halina unene, praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, italifunika.

Ukizidi kung'ang'ana na PVC unaweza kuiharibu hata kwa spiriti, maana ulaini wake unatokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa humo ndani, na ukiiloweka siku nzima nzima yale mafuta yanachomolewa, kisanamu kinatoka kigumu, kinavunjika kifundo cha mguu kirahisi. Mi naloweka saa moja, nasugua, narudisha tena kama bado. Na naanzia chini ya nyayo kila mara, pasipoonekana.

Wale wanajeshi wa bei rahisi wa polithini, wenye utelezi kama nta, hao ni kesi nyingine, hata asetoni haiwafanyi lolote la maana, ila nao rangi haiwashiki, unaikwangua kwa ukucha.

Kuna wanaotumia Dettol ya kahawia na inafanya kazi kweli, ina mafuta ya msonobari ndani yake. Ila usije ukaisuuza na maji kabla hujamaliza kusugua. Dettol ikikutana na maji inageuka nyeupe kama maziwa, na ile rangi iliyolegea inakuwa uji mzito unaonata kama lami, unaingia kwenye kila kona na kwenye mswaki na kwenye sinki. Sugua kwanza ukiwa na Dettol yenyewe, suuza na Dettol safi, maji na sabuni mwishoni. Mafuta ya breki pia yanabandua, lakini ni sumu na yanapita kwenye ngozi, sioni sababu ya kujitesa. Dawa ya kusafishia oveni yenye kostiki soda ndo kabisa, hiyo inakatakata gundi ya rangi na jicho lako pia likikaa vibaya.

Spiriti ya asilimia 90 kwenda juu ni ya haraka, ya 70 inafika ila taratibu maana iliyobaki ni maji. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Fungua dirisha, na usivute sigara wala kuwasha moto karibu, kwa sababu aisopropili inatoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia kama nyuzi joto 12 tu, yaani chumba chochote cha kawaida. Vaa glovu za naitrili. Na kama kisanamu kiliungwa kwa supagluu usishangae mkono ukibaki ndani ya chupa, utaubandika tena.

Tena kabla ya yote hayo angalia kama kuna haja. Kama bado unaona mistari ya vidole na mashimo ya vazi la chuma, rangi ni nyembamba, osha na sabuni piga praima juu endelea na maisha. Kubandua ni kwa vile ambavyo rangi imejaa mpaka uso umekuwa kama sabuni iliyotumika.

Kile changu kilichoyeyuka sikukitupa. Nilikilaza kifudifudi kwenye kibao, nikakipaka tope, sasa ndo maiti ya uwanja wangu wa vita.