Ukindu Hausikii Sifa

Nikijitambulisha mjini kuwa mimi ni msusi, mwanamke aliye karibu huniuliza kichwa kimoja natoza kiasi gani. Nasuka mikeka, bibi, namwambia, mikeka ya ukindu, kwetu Pemba, tangu nina miaka tisa. Hapo sauti hubadilika na sifa huanza kumiminika: kazi ya subira hiyo, kazi ya kutuliza moyo, kipaji cha Mungu. Wanasema kwa wema. Ila nyingi ya sifa hizo si kweli, na moja mbili zimewahi kuniumiza.

Dhana: Msusi husuka moyo ukimtuma

Jua ndilo linalomtuma. Jani la mkindu hukatwa lingali changa, lile la katikati ambalo halijafunguka, likaanikwa mpaka liwe jeupe. Jioni huingizwa ndani, maana likipigwa na umande au mvua hupata ukungu mweusi na hakuna rangi itakayouficha. Kisha huchanwa, chane zilingane upana, na za nakshi zichemshwe katika sufuria ya rangi. Wakati wa kaskazi, saa saba mchana, ukindu hukauka mno hukukatikia vidoleni, basi unasuka alfajiri na jioni, au unaufunika kitambaa kibichi. Katika yote hayo hakuna pahala mtu anapoulizwa leo unajisikiaje.

Na hesabu yake ni hii. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2, kwa ukili (ule utepe wa chane zilizosukwa, unaoshonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka) wa upana wa sentimita 4, unakula ukili wa mita 60, yaani takriban pima 33. Katikati ya kupika na kufua mimi nasuka pima mbili na kidogo kwa siku. Ningengojea hamu, watoto wangu wangelala sakafuni mpaka leo. Hamu yenyewe huja, sikatai, lakini huja kwenye pima ya tano au ya sita, vidole vikishajua njia na kichwa kikapata nafasi ya kutembea.

Dhana: Kusuka huponya huzuni

Hii ndiyo iliyoniumiza.

Mume wangu alipofariki, mkeka uliotandikwa kukunjulia sanda yake niliusuka mimi. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mashoga zangu wakaniletea chane zilizokwisha tiwa rangi. Shika shoga, ushughulishe mikono, moyo utapoa. Nikashika. Nilitaka sana kupoa.

Wiki ya pili mama mkwe, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliuchukua ule ukili akaupitisha kati ya vidole vyake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kimya, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Mwanangu," akasema, "hapa ulikuwa na hasira. Hapa hukuwapo kabisa."

"Umejuaje, Bi Mkubwa?"

"Umebana, umebana, kisha umelegea. Huu haushoneki."

Na kweli. Ulianza na upana wa vidole viwili, ukasinyaa hadi kimoja na nusu, ukapanuka tena kama mto uliofika bondeni. Kili zisizolingana upana ukizishona pamoja, mkeka unajikunja na haulali chini hata ukiuwekea mawe. Nilikuwa nimesuka pima saba za namna hiyo, na kila nilipozitazama niliona kwamba hata kazi ninayoijua kuliko zote imenikimbia. Nilizidi kuwa na huzuni. Kama wasingeniambia kwamba kusuka kutaniponya, nisingejiona nimeshindwa mara mbili.

Mikono haimwagi huzuni nje, huiandika tu. Mwenye kujua kusoma ukili ataisoma.

Kilichonisaidia kilikuja baadaye, na nusu yake tu ndiyo iliyohusu kusuka. Bi Mkubwa alianza kuja kila baada ya alasiri na ukili wake mwenyewe. Wakaja na wengine wawili. Tulikaa ukumbini, wao wakisuka, mimi nikiwaungia chane, kazi ya mtoto. Watu wanaosuka hawatazamani. Macho yako chini, kwenye chane, na mtu anaweza kulisema neno ambalo asingelisema akikutazama usoni, na anayejibu hana haja ya kutengeneza sura ya kusikitika. Siku moja, bila mtu kuniuliza, nilisema nimemkasirikia marehemu kwa kuondoka na madeni ambayo sikuyajua. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Mmoja alisema, "Hata mimi wangu," akaendelea na ukili wake. Siku ile nililala usingizi.

Kwa hiyo mtu akiniambia amefiwa na anataka kujifunza kusuka, simkatazi. Namwambia asisuke peke yake, wala asitarajie ukili mzuri. Na ikiwa miezi inapita hali chakula wala halali usingizi, ukindu si dawa. Aende kwa daktari kama anavyokwenda mtu mwenye homa.

Dhana: Mkeka ni kuiga tu, ubunifu uko kwa wachoraji

Alinambia hivi kijana mmoja msomi, tena akiwa amekaa juu ya mkeka wangu.

Chane husukwa mshazari. Kila moja hutoka ukingoni, hupita juu na chini ya wenzake, hufika ukingo wa pili, hukunjwa, hurudi. Ukiingiza chane moja nyekundu, usitazamie mstari ulionyooka. Itakwenda na kurudi kama mtu anayesubiri habari kutoka hospitali. Ukiingiza ya pili kutoka ukingo wa upande mwingine, zitapishana katikati. Sasa chukua chane 13, ambazo ndizo ninazosukia mimi, amua ipi iwe ya zambarau na ipi ya kijani, na uamue sasa hivi, kwa sababu jibu utaliona baada ya pima moja. Kisha kumbuka kwamba ukili huu utashonwa ubavu kwa ubavu na mwenziwe, na mshale wa huku sharti uonane na mshale wa kule. Kuna wasusi wanaoingiza mpaka herufi, ukausoma mkeka. Yote haya yako kichwani, hakuna karatasi.

Kuhusu kuiga, ndiyo, nimeiga. Nimeiga mkono wa mama yangu, naye aliiga wa mama yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora wanyama na ndege Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani, juu ya vipande vya mbao nyembamba za kujengea. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, kwa makosa. Ni kama miaka minne tu ya kazi. Kama jamaa na wanafunzi wake wangeona haya kumuiga, leo jina lake lingekuwa jina la trekta peke yake. Waliiga, halafu kila mmoja akaanza kuteleza kidogo kuelekea kwake. Ukiweka mikeka yangu na ya mama pamoja utadhani ya mtu mmoja, lakini mimi nikifumba macho nikaipapasa najua ipi ni ipi. Mama alikuwa anabana zaidi.

Dhana: Kasoro ndiyo uzuri wa kazi ya mkono

Husemwa na wageni, na wauza duka walioisikia kwa wageni. Kasoro ni kasoro. Katika miaka zaidi ya thelathini, kosa langu moja limezaa nakshi mpya. Mengine yote yalikuwa makosa.

Dhana: Kizuri chajiuza

Na kibaya chajitembeza. Methali hii aliyeitunga hakuwa na mzigo wa kuuza.

Hebu tutazame. Mkeka wenye hesabu niliyoitaja juu huchukua siku 15 kuusuka na siku 3 kuushona. Ukindu na rangi ni shilingi 15,000. Nikiuuza 60,000, na mnunuzi akiwa hajanililia sana, nabaki na 45,000 kwa siku 18, yaani 2,500 kwa siku. Pembeni yangu kuna mkeka wa plastiki uliotoka kiwandani, unang'aa, haunywi maji, bei yake hainikaribii hata kidogo. Uzuri wa wangu hauonekani kwa jicho la haraka. Lazima nimwambie mtu auguse, anuse, autazame upande wa chini jinsi ncha zilivyopunguzwa. Hiyo ndiyo kazi ya kuutembeza, na niliiona aibu miaka mingi kwa sababu ya methali.

Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, watu walitupongeza: sasa vikapu vyenu vitakwenda wenyewe. Na huku Zanzibar marufuku ilikwisha kuwapo miaka mingi kabla. Nafasi ya mifuko ile, madukani, ilichukuliwa na mifuko mbadala ya kitambaa chepesi kinachotengenezwa kwa mashine. Kikapu cha ukili kina soko, lakini ni soko la mtu aliyekwisha elezwa.

Dhana: Fundi wa kweli havunjiki moyo

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema, na mimi naikubali methali hii kuliko ile nyingine. Ninachouliza ni nani atakayempa mhunzi koleo jipya.

Machi 2020 nilikuwa nimekamilisha mikeka tisa kati ya kumi na miwili iliyoagizwa na hoteli moja. Ndege zikasimama, watalii wakaondoka, hoteli ikafunga, simu ikawa haipokewi. Ukindu wote ulikuwa wa mkopo. Nilivunjika moyo, nasema wazi. Wiki tatu sikugusa shazia, sindano ya kushonea mikeka. Watu wakinisifu kwa uvumilivu wa siku zile huwa nawatazama tu, kwa sababu wanadhani ni kitu kilichokuwa kifuani mwangu, na mimi kifuani sikuwa na kitu.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa na upatu wa wanawake kumi na mmoja, zamu yangu ikiwa ya mwisho. Mwenye zamu ya mwezi ule, binti mdogo kuliko sote, alisema, "Mama, chukua yangu, mimi sina mwenye kunidai." Nikamlipa mwenye ukindu. Mikeka mitano ilinunuliwa na watu wa huku huku waliokuwa wakiozesha watoto wao, kwa bei ya kijijini. Miwili niliipeleka msikitini. Miwili bado ninayo. Hiyo ndiyo hadithi yote, na jina la ushujaa ndani yake ni la yule binti.

Zile pima saba za eda sikuzifumua. Ukili uliokwisha sukwa ukiufumua, chane hubaki na mikunjo, hata uziloweshe hazisahau. Mwaka uliofuata nilizishona kikapu, nikianzia chini nikizunguka kupanda juu, maana kikapu huvumilia upana usiolingana kuliko mkeka. Kimetoka kimeinama upande wa kushoto. Mgeni mmoja alikiona Chake Chake akataka kukinunua kwa bei ya vikapu viwili, eti kwa sababu kina roho. Nilimwonyesha vingine vilivyonyooka, akakataa, akaondoka.

Mimi nakwenda nacho sokoni kila Ijumaa. Muhogo lazima uuanzie upande wa kulia, la sivyo kinaanguka.